Miezi mitatu ya kupima radoni chumbani kwa mama, Ilboru

Chumba cha mama ndicho cha mwisho upande wa mlimani. Nyumba yetu ipo Ilboru, kwenye mteremko wa Mlima Meru, na marehemu baba alipoijenga alilazimika kuchimba kilima ili apate uwanja ulionyooka, kwa hiyo ukuta wa nyuma wa chumba hicho umezikwa udongoni hadi kukaribia usawa wa dirisha. Kwa miaka mingi tulilichukulia jambo hilo kuwa tatizo la unyevu tu, ambalo kila baada ya masika huonekana kwa rangi inayobanduka na kwa harufu ya udongo inayobaki mpaka Juni. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na ninakiri kwamba nimewachorea wanafunzi ubaoni mnyororo wa urani kwa miaka isiyopungua kumi na mitano, bila kujiuliza hata siku moja kama mnyororo huo unapita pia chini ya kitanda cha mama yangu.

Swali lilikuja kwa njia ya zawadi. Shemeji yangu anayeishi Marekani alikuja likizo mwezi Mei mwaka jana akiwa na kidude cheupe, kidogo kuliko daftari, ambacho hupima gesi ya radoni ndani ya nyumba. Huko anakoishi, wanunuzi wa nyumba huulizia kipimo cha radoni kama sisi tunavyoulizia hati ya kiwanja. Alikiweka mezani akasema, "Mwalimu, hiki kibaki kwako, mimi kwangu nimeshapima nikamaliza." Mama aliuliza jambo moja tu, kama kitakula umeme wa LUKU. Alipoambiwa kwamba kinatumia betri, akaruhusu kiwekwe chumbani kwake.

Kwa wasioifahamu, radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayozaliwa ardhini. Urani-238 imo, kwa kiasi kidogo sana, karibu katika kila mwamba na kila udongo, nayo hubadilika hatua kwa hatua kwa muda mrefu usiofikirika mpaka ikawa radiamu-226, ambayo ikitoa chembe ya alfa, yaani kipande kidogo kinachoruka kutoka kwenye kiini cha atomu, huwa radoni-222. Wazazi wote wa radoni katika mnyororo huo ni vitu yabisi vinavyobaki vilipo, ndani ya punje za mwamba, lakini radoni ni gesi isiyopenda kuungana na kitu chochote, kwa hiyo hujipenyeza katika vinyweleo vya udongo na kupanda. Nusu ya radoni yoyote hutoweka ndani ya siku 3.8, na muda huo watosha kabisa kuifikisha chumbani kutoka udongo uliopo chini ya sakafu. Ikiwa nje, hupotea katika upepo, na kiwango chake kwa kawaida huwa kati ya bekereli 5 na 15 (bekereli ni kipimo cha mionzi, nitakieleza hapa chini) katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Ikiingia ndani, hukusanyika.

Radoni yenyewe tunaivuta na kuitoa, na sehemu kubwa haitudhuru. Madhara yapo kwa watoto wake, yaani poloni, risasi na bismathi zenye mionzi, ambazo ni yabisi, hunata kwenye vumbi, huingia mapafuni na kubaki humo zikitoa chembe za alfa kwa umbali mfupi mno, kwenye utando laini wa njia za hewa. Wachimbaji wa migodi ya Schneeberg, Ujerumani, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mapafu kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hajajua sababu, na mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walieleza kwamba ugonjwa huo ulikuwa uvimbe wa mapafuni. Mwaka 1988 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka radoni katika kundi la vitu vyenye uhakika wa kusababisha saratani kwa binadamu. Leo inatajwa kuwa ya pili baada ya uvutaji wa sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu.

Asubuhi ya kwanza kidude kilionyesha 1.4. Nilimwambia mama kwa majivuno kwamba hewa ya chumba chake ilikuwa safi kuliko ya juu ya mlima, naye akaniitikia kwa upole wa mtu ambaye hakuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Ilinichukua siku mbili kugundua upuuzi wa kauli yangu. Chumba chenye radoni pungufu kuliko hewa ya uani hakiwezekani, kwa sababu hewa ya chumbani hutoka uani, na mwanafunzi wa kidato cha tatu angenikamata papo hapo. Kidude kilikuwa kimetengenezwa kwa soko la Marekani, nacho kilikuwa kinasoma kwa pikokuri kwa lita. Pikokuri moja kwa lita ni sawa na bekereli 37 kwa mita ya ujazo, hivyo ile 1.4 yangu ilikuwa takriban bekereli 52. Nilibadilisha kipimo katika mipangilio ya kidude, nikarudi kwa mama kusahihisha taarifa.

Bekereli moja ni atomu moja inayobadilika kwa sekunde. Bekereli 100 kwa mita ya ujazo maana yake ni kwamba katika kila mita ya ujazo ya hewa atomu 100 za radoni zinapasuka kila sekunde, na ukipiga hesabu kwa kutumia zile siku 3.8 utapata kwamba mita hiyo ina atomu zipatazo milioni 48 za radoni. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini ni sawa na hakuna kitu ukilinganisha na hewa yenyewe, na ndiyo sababu hakuna pua wala mizani iwezayo kuitambua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilipendekeza nchi zilenge bekereli 100, na pale ambapo mazingira hayaruhusu zisizidi 300. Marekani huwashauri wenye nyumba wachukue hatua kuanzia pikokuri 4 kwa lita, yaani bekereli 148, na Uingereza kuanzia 200. Wastani wa nyumba duniani hukadiriwa kuwa karibu bekereli 40. Kwa hiyo 52 haikuwa habari ya kumhamisha mtu chumba, lakini haikuwa ya kujisifia pia.

Tena ilikuwa namba ya usiku mmoja, na hapa ndipo nilipojifunza mengi. Kidude cha aina hii huiacha hewa iingie polepole katika kijumba kidogo chenye kinasio cha silikoni, kisha huhesabu chembe za alfa moja moja. Chukulia kijumba hicho kina ujazo wa robo lita na hewa ina bekereli 50: mibadiliko ya radoni itakayotokea humo ni kama 45 kwa saa nzima, na kidude hakinasi yote. Hesabu ndogo kiasi hicho huyumba yenyewe. Saa moja itakupa 38, inayofuata 52, bila kitu chochote kubadilika chumbani, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, ambayo hayawezi kukuambia kama mvua itakuwa kubwa. Mtu anayekitazama kidude kila baada ya saa moja na kuingiwa na hofu, kama nilivyofanya juma la kwanza, anaisoma bahati.

Zaidi ya kuyumba huko kwa hesabu, chumba chenyewe hupumua. Mchana, mama akiwa amefungua dirisha, kipimo kilishuka hadi ishirini na kitu. Alfajiri, baada ya dirisha na mlango kufungwa tangu saa tatu usiku, kilifika 110, na usiku mmoja wa mvua ya mwisho ya masika kilifika 143. Sababu yake si ngeni. Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli, hivyo hewa ya ndani, iliyo na joto kuliko ya nje, hupanda na kutokea kwenye nafasi za darini, na nyumba hufyonza hewa nyingine kutoka chini ili kujaza pengo, ikiwemo ile ya udongoni inayopita kwenye nyufa za sakafu. Mvua nayo hulowesha udongo wa nje na kuziba vinyweleo vyake, lakini udongo ulio chini ya nyumba hubaki mkavu, kwa hiyo gesi iliyokuwa itokee uani hutafuta njia ya sebuleni. Hata kushuka kwa mgandamizo wa hewa kabla ya mvua huivuta gesi itoke ardhini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nyumba ya tofali na bati inaweza kuwa na tabia za usiku na za mchana.

Ndiyo maana wapimaji wa kweli hawaridhiki na siku chache. Vipo vikopo vya mkaa uliotayarishwa maalumu, si huu wa gunia, ambavyo huwekwa wazi kwa siku mbili hadi saba ili mkaa unase radoni, kisha hupelekwa maabara haraka kabla gesi haijatoweka; ni vya bei nafuu, lakini majibu yake ni ya siku hizo tu. Kinachotegemewa zaidi kwa muda mrefu ni kipande cha plastiki kiitwacho CR-39, plastiki ileile inayotengenezewa lenzi za miwani. Kila chembe ya alfa inayokipiga huacha jeraha dogo lisiloonekana. Baada ya miezi mitatu au hata mwaka, maabara hukiloweka katika magadi makali ya moto ili majeraha yapanuke kuwa vishimo, halafu vishimo huhesabiwa kwa hadubini. Hakina betri, hakina skrini, na hakimpi mwenye nyumba namba ya kumnyima usingizi. Shemeji alikuwa ameniletea viwili. Kimoja nilikiweka kwa mama, juu ya kabati fupi la kitandani, zaidi ya nusu mita kutoka sakafuni, mbali na dirisha na mlango, na kingine sebuleni. Jikoni na bafuni hakufai kwa sababu ya mvuke na hewa inayochezacheza.

Katika miezi hiyo nilisumbuliwa na swali ambalo kila mkazi wa hapa hunikabili nalo nikimweleza habari hii: je, mlima wetu una mionzi? Milima yote ina mionzi kiasi, na kinachotofautiana ni kiwango. Miamba ya volkano haifanani. Basalti nyeusi kwa kawaida huwa na urani kidogo, ilhali fonolaiti na jamaa zake zenye alkali nyingi, ambazo Meru inazo, huelekea kuwa na urani na thori (metali nyingine yenye mionzi) zaidi. Sisi wa Arusha tunaijua alkali hiyo kwa njia nyingine, kwa sababu ndiyo iliyotia maji yetu floridi iliyowabadili wengi wetu rangi ya meno. Lakini floridi haipimi radoni, na jino la kahawia halisemi lolote kuhusu sakafu ya mwenye jino. Mfano ulio wazi zaidi wa urani katika kanda yetu upo Minjingu, kando ya barabara iendayo Babati, ambako fosfati inayochimbwa kwa ajili ya mbolea ina radiamu ya maelfu ya bekereli kwa kilo, wakati udongo wa kawaida huwa na makumi tu. Hata hivyo, nyumba mbili zilizojengwa ubavu kwa ubavu juu ya udongo mmoja zaweza kutofautiana sana, kwa kuwa moja ina zege lililopasuka na nyingine halijapasuka, au moja imefungwa madirisha ya alumini na dari ya jipsamu na nyingine bado ina matundu ya hewa. Ramani ya miamba haiwezi kukupa jibu la chumba chako.

Wengine huuliza kuhusu maji ya kisima kirefu. Ni kweli maji ya ardhini hubeba radoni na kuiachia bombani na bafuni, lakini kwa makadirio yanayotumika sana, maji yenye bekereli 100 kwa lita huongeza kama bekereli 10 tu katika hewa ya nyumba. Mzigo mkubwa hutoka udongoni.

Julai, baridi ilipozidi, mama alitaka jiko la mkaa liletwe chumbani jioni. Nilikataa kwa ukali ambao nilikuja kuuombea radhi, lakini ukataaji wenyewe siujutii. Kidude changu hakitambui kabisa hewa ya sumu ya mkaa, na ile huua usiku mmoja, ilhali radoni huhesabiwa kwa miongo ya miaka. Mtu anayefunga madirisha na kulala na jiko la mkaa huku akisoma kipimo cha radoni anachunga mbuzi akiwa amempa chui kisogo. Tulikubaliana kuhusu blanketi la pili.

Kuhusu ukubwa wa hatari yenyewe, takwimu ninazoziamini ni za uchambuzi wa pamoja wa tafiti za Ulaya uliochapishwa mwaka 2005, ulioonyesha kwamba hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 za wastani wa muda mrefu. Asilimia hiyo inatisha mpaka ujue ni asilimia 16 ya kitu gani. Kati ya watu 1,000 wasiovuta sigara, wapatao 4 wangekufa kwa saratani ya mapafu kabla ya umri wa miaka 75 hata kusingekuwa na radoni. Kwa bekereli 100 wangekuwa 5, na kwa 400 wangekuwa 7. Kati ya wavutaji 1,000, ni 100, halafu 120, halafu 160. Bekereli zilezile zinamwongezea mvutaji mzigo mara nyingi zaidi. Mama hajawahi kuvuta. Jirani yetu wa chini, ambaye amemaliza kujenga chumba cha kupangisha kilichochimbiwa kilimani kama kile cha mama, huvuta tangu ujana wake.

Mwishoni mwa Agosti nilivifungasha vile vipande viwili na kumpa msafiri. Majibu yalikuja Oktoba: chumba cha mama bekereli 70, sebule 31. Wastani wa kidude chumbani kwa siku zilezile ulikuwa 74, jambo lililonipa imani nacho, kwa masharti kwamba ninakisoma kwa majuma na sio kwa saa.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kumwita fundi. Alipiga magoti, akapita na tochi kwenye mstari ambapo zege la sakafu linakutana na ukuta wa kilimani, akanionyesha ufa unaopitisha ukucha kwa karibu urefu wote wa ukuta. Tuliusafisha na kuujaza silikoni, na kuziba nafasi iliyozunguka bomba linaloingia kutoka nje. Kisha akaangalia juu. Baba alikuwa ameacha matundu ya hewa juu ya dirisha, kama yalivyo katika nyumba nyingi za zamani za hapa mjini, na mtu fulani katika familia, ambaye huenda ni mimi, alikuwa ameyaziba kwa gazeti na chokaa ili kuzuia mbu. Tuliyafungua na kuyawekea wavu. Kwa nyumba inayojengwa leo, fundi na mimi tulikubaliana kwamba ingekuwa rahisi zaidi kutandika karatasi nzito ya plastiki chini ya zege na kuacha bomba linalotoka kwenye kokoto za chini ya sakafu hadi juu ya paa, ambalo likihitajika hufungiwa feni ya kufyonza gesi hiyo kabla haijaingia ndani. Kubomoa sakafu ya mama kwa ajili ya bekereli 70, hapana.

Septemba kipimo kilishuka, na nilikuwa tayari kutangaza ushindi. Lakini Septemba si Julai: usiku umepata joto, na mama anaacha dirisha wazi hadi saa nne. Nisingeweza kujua kama nilikuwa nawapongeza fundi na wavu au naipongeza hali ya hewa. Kwa hiyo nilimwomba mama jambo ambalo alilivumilia kwa sababu tu mimi ni kitinda mimba wake: juma moja matundu yafunikwe kwa ubao, juma linalofuata yawe wazi, na hivyo hivyo kwa majuma manne, dirisha likifungwa saa ileile kila usiku. Majuma ya kufunikwa yalitoa 63 na 58, na ya kuachwa wazi yalitoa 34 na 37. Ufa nao tulikuwa tumekwisha kuuziba, kwa hiyo sehemu yake katika kushuka huko kutoka 70 siwezi kuidai.

Nilimpelekea mama namba hizo kwenye karatasi. Alizisoma akiwa amevaa miwani, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, miezi yote hii ni ya kujua kwamba baba yako alikuwa na sababu ya kuweka yale matundu?" Nilimjibu kwamba ndivyo, kwa tofauti ya bekereli 25 hivi.

Kidude sasa kipo kwa jirani, katika kile chumba kipya chenye dari ya jipsamu na madirisha ya alumini, na kitakaa huko mpaka masika yapite, ili tuone usiku wa mvua utasema nini. Nyuma yake nimebandika karatasi niliyoandika kwa kalamu nyekundu: bekereli, si pikokuri.